Wamelala Wote

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza saa nane mchana, na ilipofika saa kumi na moja na nusu wasichana wangu arobaini na wawili wakaingia bwenini na nusu ya uwanja miguuni. Nimepiga deki mara tatu. Mashuka ya kitanda namba saba niliyafua jana tu, leo ukiyatazama utadhani yametandikwa shambani. Huu ni mwaka wa kumi na tisa nafanya kazi ya umatroni, na goti langu la kulia limechoka kuliko mimi mwenyewe.

Nina madaftari mawili. La bweni ni la Mwalimu Mkuu. Humo naandika wagonjwa na vilivyovunjika, na kila siku saa tatu usiku, nikishazima taa na kumulika vitanda kwa tochi, naandika maneno mawili: Wamelala wote. Hili la pili ni langu, na humu sina adabu.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Tope. Deki.

Alhamisi, 6 Machi

Kikao cha walimu. Sisi tusiofundisha huwa tunakaa nyuma karibu na mlango na hatuulizwi kitu, lakini leo nimeulizwa. Mwalimu Mkuu alisoma matokeo ya mwaka jana kwa sauti ya msibani, akasema muda wa masomo hautoshi, kisha akanigeukia. "Matroni, wewe ndiye unayekaa nao. Hiki kipindi cha michezo kinamfaa nani?"

Nikasimama. Nikasema kinamfaa muuza sabuni. Watu wakacheka, nami nikavimba kichwa, nikaendelea: wanarudi wachafu, wanasukumana foleni ya bafuni, wanakula kama waliofungiwa, na ikifika saa tatu wanaanguka vitandani kama magunia, hata mswaki hawajapiga.

Mwalimu wa michezo, ambaye watoto wanamwita Mlingoti kwa urefu wake, akasema, "Sasa si ndivyo inavyotakiwa?" Ikapitishwa: kuanzia Jumatatu, saa kumi mpaka saa kumi na moja na nusu ni masomo ya ziada, hadi mvua iishe. Na ni marufuku kukimbia popote ndani ya uzio, maana sakafu zinateleza.

Mlingoti akanisubiri barazani. "Matroni, umenimaliza."

"Nimekupumzisha."

"Hawa watoto watakuja kukusumbua usiku."

"Wakinisumbua nitakuita uje uwabembeleze," nikamwambia.

Nimefurahi mno leo, nisifiche.

Jumatatu, 10 Machi

Siku ya kwanza bila michezo. Sakafu inang'aa. Nimekunywa chai nikiwa nimekaa.

Jumatano, 12 Machi

Nilifurahi mapema mno. Taa nazima saa tatu, saa tano bado wanarukaruka vitandani, wanarushiana mito, wanacheka bila sababu. Miwili imechanika. Kinara wao ni yule wa namba kumi na saba, kitanda cha juu cha dirishani, tunayemwita Kiberenge. Ana miaka kumi, miguu kama vijiti, na kutembea hajui. Akitumwa chumvi jikoni anakimbia, akiitwa kuadhibiwa anakimbia. Kwenye mbio za kupokezana vijiti alikuwa akikabidhiwa kijiti cha mwisho hata na wasichana wa darasa la juu yake. Analelewa na shangazi yake, fundi cherehani, ambaye siku ya kumleta aliniambia, "Huyu ukimfungia ndani atakupasulia ukuta." Nilidhani ananitania.

Leo amekamatwa akikimbia mara nne. Mwalimu wa zamu kampigisha magoti mara nne.

Ijumaa, 14 Machi

Nimepata dawa yao! Jioni nimewakusanya katikati ya bweni nikawaambia: atakayelala vizuri kuliko wote ndiye atakayegonga kengele asubuhi. Kengele yetu ni kipande cha reli kilichoning'inizwa kando ya tangi la maji, upande wa pili wa uwanja. Kugonga kengele ni ukubwa. Shule nzima inaamka kwa mkono wako.

Kiberenge akanyoosha kidole. "Matroni, mgonga kengele anaruhusiwa kukimbia?"

"Anaruhusiwa," nikasema, "kengele haimsubiri mtu."

Ukimya ulioingia humo ndani ungeweza kuukunja na kuuweka kabatini.

Jumamosi, 15 Machi

Jana usiku nilimulika saa tatu. Wametulia kama maji ya mtungini, kila mmoja chali, mikono ubavuni, shuka mpaka kidevuni. Sikuwahi kuona kitu kama hicho. Dakika kumi kabla ya saa kumi na mbili nikaingia taratibu, nikamgusa mguu yule wa namba tatu, ndiyo alama ya ushindi niliyowaambia. Akainuka papo hapo, akatoka. Wamelala wote, na safari hii niliandika kwa herufi kubwa.

Jumatatu, 17 Machi

Kiberenge ameshinda. Nilipomgusa mguu hakushuka kwa ngazi, aliruka, akaufungua mlango akaenda. Nilisimama dirishani kumtazama anavyokata uwanja mtupu alfajiri ile, maji yakiruka kila anapokanyaga. Akarudi anahema, amelowa mpaka magotini, anacheka peke yake. Nikamwambia sasa tulia. Akatulia.

Jumanne, 18 Machi

Kiberenge tena.

Alhamisi, 20 Machi

Mwalimu wa hesabu kaja kulalamika kwamba wasichana wangu wanasinzia darasani, wawili wamegonga paji la uso kwenye dawati. Nikamfungulia daftari la bweni. Akalisoma, akakuna kichwa, akasema basi labda ni chakula.

Jumatatu, 24 Machi

Mmoja kamng'ata mwenzake mkono kwa sababu ya raba ya kufutia. Kamng'ata hasa, mpaka damu. Na si mtundu, ni yule mpole wa namba tisa ambaye nikimwita anaitika kwa kunong'ona. Nilipomuuliza kwa nini, akasema, "Sijui, Matroni, nilijikuta tu." Mwalimu Mkuu kasema adabu imeshuka, kwa hiyo mapumziko ya saa nne yamekatwa nusu.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua imekatika. Siku tatu sasa jua kali, uwanja umekauka, majani yamechipuka mpaka kwenye mistari ya chokaa. Mlingoti alikwenda ofisini kuulizia ile "hadi mvua iishe". Akajibiwa ni hadi mitihani iishe. Nilimwona akibeba nguzo za mpira wa pete begani kuzipeleka stoo, moja moja, bila haraka.

Jumatatu, 31 Machi

Wazazi wachache wametembelea. Mwalimu Mkuu aliwaonyesha daftari la bweni, akawafunulia ukurasa baada ya ukurasa. "Tangu tuondoe purukushani za jioni, watoto wanalala. Huu ni mwandiko wa matroni mwenyewe, miaka kumi na tisa kazini." Nilisimama pale mikono mgongoni kama bibi harusi. Mzazi mmoja akanipa mkono.

Wakati huohuo nilikuwa na mashuka manne kwenye kamba. Wanne wanakojoa kitandani, na mmoja wao ana miaka kumi na miwili. Hiki kifua changu kiliniambia jambo, nikakiambia kinyamaze.

Ijumaa, 4 Aprili

Mashuka sita. Nikihesabu vizuri, sasa nafua kuliko siku za tope.

Namba ishirini na nne, kadogo kuliko wote, kana upara wa ukubwa wa kifuniko cha chupa nyuma ya sikio. Kananyofoa nywele, unywele mmoja mmoja, na kanazipanga chini ya mto. Nimezikuta asubuhi. Zimelazwa sambamba, vizuri kabisa.

Jumatatu, 7 Aprili

Viatu vya Kiberenge vimetupwa kwenye tangi la maji. Najua sababu: ameshinda asubuhi kumi na moja. Sipendelei, ila huyu anawazidi wote kwa mbali. Ukimmulika hapepesi hata ukope. Wengine unaona shuka likipanda na kushuka, lake huoni kitu.

Nimempa ndala zangu za zamani. Alinishukuru, akatoka akitembea. Nilishtuka kumwona anatembea.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimewasikia bafuni. Mmoja anasema, "Jana we ulikuwa maiti mbovu, Matroni alikuona pua ikicheza." Mwingine anajibu, "Subiri leo." Nikamwita kiranja wa bweni, ambaye wenzake wanamwita Bibi Sheria na anastahili.

"Nini hii habari ya maiti?"

"Ni mchezo tu, Matroni."

"Mchezo gani, na michezo imekatazwa?"

Akafikiri kwanza. "Mchezo wa kulala, Matroni. Huo haujakatazwa."

Nikacheka. Sasa hivi naufikiria tena, huu mchezo wa kulala, na kicheko kimenikauka.

Jumamosi, 12 Aprili

Mawingu yamerudi. Bweni kimya mchana pia. Wanakaa kwenye kingo za vitanda, mikono mapajani, wanatazama sakafu. Mtu akidondosha kijiko wote wanaruka.

Jumanne, 15 Aprili

Nimekwenda stoo ya michezo, nikijifanya natafuta kamba ya kuanikia. Mlingoti alikuwa ameketi juu ya ndoo anapaka mafuta mipira ambayo hakuna anayeicheza.

"Zile kamba za kuruka ziko kule," akasema. "Chukua zote, hazina kazi."

"Mwalimu, wale watoto wana nini?"

"Wewe ndiye unayekaa nao." Alilirudisha neno la kikaoni bila hata kunitazama. Kisha akaweka mpira chini. "Unajuaje kama wanalala?"

"Nawamulika kila siku. Wamelala."

"Ng'ombe naye akishalala zizini amelala, Matroni. Ila macho kodo na anatafuna. Mimi nakuuliza usingizi."

Nikamwambia amekaa stoo mpaka amechanganyikiwa. Nikatoka bila kamba. Tangu hapo neno lile linanizunguka kichwani. Zamani, enzi za tope, nilikuwa nawakuta wamelala hovyo: mguu nje, mto chini, mdomo wazi, mmoja anakoroma, mwingine kageuka kichwa kiko miguuni. Usingizi wa pono. Nilikuwa nawalaza upya mmoja mmoja na hawasikii. Ni lini mara ya mwisho nimeokota mto?

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua. Kiberenge.

Jumamosi, 19 Aprili

Kiberenge. Mguu wake ulikuwa wa baridi.

Jumanne, 22 Aprili

Naandika saa sita na nusu usiku.

Saa tatu nilifanya kama kawaida. Nilizima taa, nikamulika, nikaandika. Ila leo nilifikiria ndala zangu. Zinapiga kofi sakafuni, pa, pa, pa, na kutoka chumbani kwangu hadi mlango wa bweni ni hatua kumi na nne. Mtu yeyote mwenye masikio ana muda wa kujiandaa. Basi saa tano nilizivua, nikaacha tochi mezani, nikaenda pekupeku.

Taa ya barazani inaingia kidogo kupitia dirisha la mbele. Nilisimama mlangoni mpaka macho yakazoea. Hakuna aliyekuwa akicheza, hakuna aliyeongea. Walikuwa chali, vilevile nilivyowaacha saa tatu, na macho yao yalikuwa wazi. Nilipita mstari wa kwanza, nikapita wa pili. Yote wazi, yanatazama juu. Kale kadogo kalikuwa kanahesabu kwa kunong'ona, na kalipofika mia tatu kakaanza tena moja.

Hawakuniona, au waliniona na hawakujua kama ninahesabiwa mchezoni. Nikamnyanyua mkono yule wa namba tisa, nikauachia. Mkono wa mtoto aliyelala unaanguka kama nguo iliyolowa, nimeshika mikono hiyo miaka kumi na tisa. Wake ulibaki hewani, ukateremka polepole, ukarudi ubavuni mahali pake.

Nikaenda namba kumi na saba. Kitanda cha juu, uso wake uko usawa wa uso wangu. Midomo imekauka, chini ya macho peusi. Nikamwambia karibu na sikio, "Umelala?"

Akafumba macho taratibu, kama mtu anayefunga mlango ili usilie.

Nimerudi hapa. Daftari la bweni liko wazi mbele yangu na wino wa saa tatu umeshakauka. Wamelala wote. Nimeshika kalamu nilikate neno lile, sijalikata. Kurasa za nyuma ni zaidi ya arobaini. Nikilikata la leo, nitaulizwa ya jana. Na kuna mzazi alinipa mkono.

Kesho asubuhi nitakwenda kusema. Kesho mapema.

Jumatano, 23 Aprili

Dakika kumi kabla ya saa kumi na mbili niliingia. Mvua ilinyesha usiku, sasa ilikuwa imekatika. Nilisimama mbele ya miguu ile, jozi arobaini na mbili, yote imeelekezwa kwangu, yote inasubiri, na nilijua kwamba inasubiri. Ningeweza kuwasha taa. Ningeweza kusema mchezo umekwisha, alale aliyechoka, leo hakuna kengele. Badala yake mkono wangu ukaenda ulikozoea. Ukamgusa Kiberenge mguu.

Alishuka kwa ngazi. Kila kipago alikishika. Mlangoni akaegemea fremu kidogo, kisha akakimbia.

Nikahesabu. Kwa kawaida kengele inalia nikifika hamsini. Nikafika hamsini. Nikafika themanini. Bwenini hakuna aliyejisogeza. Nikafika mia, kengele haikulia. Nilitoka hata goti nimelisahau.

Karibu na tangi kuna ngazi tatu za saruji. Alikuwa amelala pale, na Mungu ananisikia ninavyoliandika neno hili. Kichwa kwenye ngazi ya chini, mkono wa kushoto umekunjika pasipokunjika, nondo ya kugongea imemponyoka. Macho nusu wazi. Nilimwita kwa jina lake la nyumbani ambalo sikuwahi kulitumia. Shule nzima iliamka kwa sauti yangu mimi.

Mlingoti ndiye aliyembeba mpaka kwenye gari.

Alhamisi, 24 Aprili

Mkono umevunjika mara mbili. Kichwani damu imevia, daktari anasema wanangoja kuona. Mtoto hatambui mtu.

Saa tano Mwalimu Mkuu ameniita ofisini. Daftari la bweni lilikuwa mezani kwake, limefunguliwa ukurasa wa juzi. Si mwanamke mbaya, naye hakuwa amelala, nilimwona machoni. "Matroni, hapa pako sawa. Amelala vizuri, asubuhi kateleza, ni mvua. Ongeza mstari mmoja tu chini, utie sahihi. Shangazi yake yuko njiani."

"Hakuwa amelala, Mwalimu."

"Umeandika mwenyewe."

"Niliandika."

"Sasa?"

Nikaomba kalamu, nikaishika, na hapo mlango ukagongwa. Shangazi kaingia na futi ya kupimia bado shingoni, na sindano mbili zimechomekwa kifuani mwa nguo. Ametoka kazini vilevile. Hakukaa. Alimpita Mwalimu Mkuu akaja kwangu mimi niliyempokea mtoto.

"Dada, wameniambia kaanguka usingizi ungali machoni. Mwanangu alikuwa anaamka kama risasi tangu mdogo. Niambie. Alikuwa amelala?"

Mwalimu Mkuu akasema, "Daftari hili hapa..."

"Sijauliza daftari."

Nikamwambia. Nilianza na muuza sabuni, nikamaliza na mguu wa jana asubuhi. Nilimwambia kuhusu macho, mikono, nywele chini ya mto. Nikamwambia kwamba nilijua usiku, na nikajilinda mimi. Nilidhani atanipiga, na ningemwachia. Alivua ile futi shingoni akaizungusha vidoleni mpaka ikaisha, akasema, "Nilikuambia huyu atapasua ukuta." Kisha akalia, nami nikalia, na Mwalimu Mkuu akatazama dirishani kwenye uwanja.

Kwenye daftari niliandika mstari mmoja: Hawakulala, nami nilijua. Nikatia sahihi.

Ijumaa, 25 Aprili

Bado hatambui mtu. Asubuhi kengele imegongwa na mlinzi. Sijagusa mguu wa mtu yeyote, lakini nilipopita jana kumulika walikuwa wamejipanga vilevile. Niliwasha taa zote nikawaambia mchezo umekwisha. Hakuna aliyefumbua macho. Walidhani ni mtego.

Jumapili, 27 Aprili

Ameamka. Ameomba maji, kisha akamuuliza shangazi kama amechelewa.

Nimeruhusiwa kuingia wodini jioni. Amefungwa kichwa, mkono uko kwenye hogo la plasta. Nilikaa kwenye stuli nikawa sijui nianzie wapi, nikauliza la kijinga. "Hivi kengele ulikuwa unaitakia nini, mama? Chuma kile tu?"

Alinitazama kama mtu anayemhurumia asiyejua.

"Iko mbali," akasema.

Jumatatu, 5 Mei

Kamati ya wazazi imekaa. Shangazi wa Kiberenge alisema kwa dakika tano, hakuinua sauti. Kipindi cha michezo kinarudi kesho. Mimi muhula ujao nahamishiwa stoo ya vyakula. Magunia, kazi inayonifaa.

Jumanne, 6 Mei

Mlingoti alipopuliza kipenga saa kumi, walisimama tu. Arobaini na mmoja, mstari mmoja, wanatazamana, kama waliosahau miguu inatumikaje. Akapuliza tena. Kale kadogo kakapiga hatua, kakasimama, kakageuka kunitazama mimi. Nikavua ndala nikairusha uwanjani kwa nguvu zangu zote. "Nani ataniletea?"

Usiku bado walijipanga, wengi wao. Lakini namba tisa alikuwa amegeukia ukutani.

Ijumaa, 9 Mei

Tope mpaka dirishani! Nimepiga deki mara nne. Saa tatu na nusu nimeokota mito sita, na mmoja anakoroma kama fundi seremala. Nimenyanyua mikono yote arobaini na moja, nikaiachia. Yote ilianguka.

Jumatatu, 19 Mei

Kiberenge amerudi. Daktari amekataza kukimbia mpaka mwezi wa saba. Nimemhamishia kitanda cha chini, karibu na mlango wangu. Jioni Mlingoti alimpa kipenga akae nacho ukingoni. Alikishika mdomoni bila kupuliza, magoti yakimchezacheza.

Saa tatu, wenzake fofofo. Yeye chali, mkono mzima ubavuni, shuka kidevuni. Nikauliza, "Umelala?" Kimya.

Jumanne, 20 Mei

"Umelala?" Kimya. Nimekaa naye mpaka saa sita. Kifua hakionekani kupanda.

Jumatano, 21 Mei

Kimya. Bibi Sheria amenieleza leo kile ambacho sikukijua: kwenye mchezo wao, anayemjibu Matroni ndiye anayeshindwa.

Alhamisi, 22 Mei

Kimya. Kesho kutwa shule inafungwa, mimi naondoka bwenini, na atakayekuja atapewa tochi na daftari.

Ijumaa, 23 Mei

Leo sikuchukua tochi. Nilikwenda na stuli na daftari, nikazivua ndala, nikapandisha miguu yangu kwenye ukingo wa kitanda chake, goti likapiga kelele. Nikamsimulia habari za hilo goti. Nililiumiza nikiwa na miaka kumi na mmoja, nikikimbia kushuka kilima kuwapita kaka zangu wawili, na niliwapita. Sikuwahi kumsimulia mtu. Nilikuwa nimesahau kwamba niliwapita.

Kisha nikauliza, kama kila siku, "Umelala?"

Mvua ilikuwa inaanza juu ya bati. Nyuma yangu wanakoroma, mto umeanguka mahali. Nilingoja muda mrefu, mpaka nikaanza kutafuta ndala zangu kwa miguu gizani.

"Bado, Mama," akasema.

Nikafungua daftari la bweni mapajani, kwa mwanga wa taa ya barazani. Arobaini na mmoja wamelala. Mmoja bado, niko naye.